Barua ya Kusema Siwezi

Nilipoomba msamaha wa kodi ya mapato wa watu wenye ulemavu kwa mara ya kwanza, kulikuwa na kitu kimoja kwenye orodha ya karatasi za kuambatisha kilichonifanya nicheke peke yangu mbele ya kompyuta. Walitaka kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wanaoishi na Ulemavu, ripoti ya daktari, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya), na cheti cha kuonyesha sina deni la ushuru. Hayo sawa. Kisha wakataka barua ya mwajiri, iliyotiwa sahihi, ikieleza jinsi ulemavu wangu unavyoathiri utendaji wangu kazini.

Mimi natembea kwa magongo tangu utotoni. Polio ilinichukua mguu wa kulia kabla sijajua kuutumia. Siku ya usaili nilikaa karibu muda wote nikimhakikishia bosi kwamba mguu huo hauna uhusiano wowote na hesabu. Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Kazi yangu ni ankara, risiti za bandari na marejesho ya ushuru, na yote hiyo hufanywa mtu ameketi. Akaniamini, akaniajiri. Miezi michache baadaye nikamrudia kumwomba aandike kwamba mguu unanipunguzia kazi.

"Sasa bwana, tushike lipi?" akaniuliza, na haki alikuwa nayo.

Tulikaa tukaitunga pamoja. Ilikuwa barua fupi, na ninaipenda kwa sababu haina neno la uongo. Iliandika kwamba mfanyakazi huyu hutimiza kazi zake za ofisini kikamilifu. Kwamba hawezi kutumwa bandarini kuhakiki makontena kama wenzake, hivyo hukosa marupurupu ya kazi za nje. Kwamba hutumia tuktuk asubuhi na jioni pale wenzake wanapopanda matatu, kwa kuwa makanga wengi wakimwona mtu wa magongo hupiga bodi ya gari na kumwambia dereva twende. Iliandika pia kwamba akichelewa, mara nyingi sababu ni usafiri. Bosi akatia sahihi na muhuri. Maombi yakapita.

Nasimulia haya kwa sababu barua ile ilinifungua macho kuhusu msamaha wenyewe. Watu huuona kama zawadi. Wenzangu ofisini bado hunitania kwamba mimi ndiye Mkenya pekee anayependwa na KRA. Lakini ukipiga hesabu ya tuktuk, ya mipira ya magongo inayolika kila baada ya muda, ya jozi mbili za viatu ninazonunua za saizi tofauti nikatupa nusu yake, ya nyumba niliyolazimika kupanga ghorofa ya chini kwa kodi ya juu, utaona kwamba serikali hainipi kitu. Inaacha tu kuchukua pesa ambazo ulemavu ulishazichukua.

Msamaha wenyewe, kwa wasioujua, ulitokana na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 na agizo la Waziri wa Fedha la 2010. Sh150,000 za kwanza za kipato chako cha mwezi hazitozwi kodi ya mapato. Kilichozidi hapo hutozwa kama kawaida. Makato ya akiba ya uzeeni ya NSSF na ya bima ya afya ya SHIF yanaendelea, maana hayo si kodi ya mapato, na kila mwaka kuna mtu huniandikia akilalamika kwamba msamaha wake "haufanyi kazi" kumbe ameona makato hayo. Cheti kina tarehe ya kuisha. Kikiisha bila kuomba upya, mwajiri hana budi kuanza kukata, na kuidai KRA irudishe pesa iliyokwisha katwa ni safari nyingine kabisa. Andika tarehe hiyo ukutani.

Sasa tazama hesabu inayonikera. Anayelipwa Sh150,000 kwa mwezi, baada ya makato ya lazima, angelipa PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ya zaidi ya Sh30,000. Msamaha unamwachia zote. Anayelipwa Sh60,000 huachiwa kama Sh8,500. Na anayelipwa Sh24,000? Huyo hakuwa akilipa PAYE hata kidogo, awe na ulemavu asiwe nao, kwa kuwa nafuu ya kibinafsi ya Sh2,400 inayotolewa kwa kila mlipaji humaliza kodi yake yote. Kwa hiyo fundi wa viatu wa Kongowea, mama anayeuza mahamri akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kijana kiziwi anayeosha magari Buxton, wote hao msamaha huu hauwagusi. Kadiri unavyolipwa vizuri ndivyo nchi inavyokuhurumia zaidi. Siusemi vibaya msamaha. Ninautumia na nitauhuisha. Ila hauwezi kuwa ndio jibu la kwanza tunalotoa kila mtu akiuliza haki zetu ni zipi, na kwa bahati mbaya ndivyo ilivyo. Nenda kikao chochote cha watu wenye ulemavu mjini, swali la kwanza ni la kodi. Watu waliomo ukumbini hawana hata hati ya mshahara.

Kwa wasio na kazi kabisa kuna Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wahitaji pesa, na hapo si kila mmoja. Fungu letu ni la watu wenye ulemavu mkali, wale wanaohitaji mlezi muda wote, na kiasi ni Sh2,000 kwa mwezi, ambazo mara nyingi hufika kwa mkupuo baada ya miezi kadhaa. Kati ya yule wa elfu mbili na mimi wa hati ya mshahara kuna umati mkubwa ambao si "mkali" wa kutosha wala hauna ajira. Ndio wengi wetu.

Haki karibu zote huanzia kwenye kadi ya Baraza, na kadi huanzia hospitalini. Unapimwa na jopo katika hospitali iliyoidhinishwa, ripoti inapitishwa na Wizara ya Afya, kisha Baraza linakusajili. Siku hizi sehemu kubwa ya maombi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, jambo jema, ila kupimwa kwenyewe hakuna mtandao wa kukufanyia.

Siku niliyomsindikiza binti wa dada yangu, ambaye ana jicho moja linaloona kidogo, tulikuta benchi limejaa. Kulikuwa na kijana mmoja, kiziwi, kaja peke yake, fomu zake zimo ndani ya bahasha ya plastiki aliyoikumbatia kama mtoto. Muuguzi akatoka mlangoni, akaita jina. Kimya. Akaita tena. Kimya. Faili likarudishwa chini kabisa ya rundo. Kijana alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, anamtazama, hajui kwamba ameitwa. Hiyo ni siku ya kuwapima watu wenye ulemavu, tena orodha ya muuguzi ina safu inayosema huyu ana ulemavu gani. Mama mmoja wa buibui aliyekuwa ameketi jirani naye ndiye aliyegundua. Akachungulia jina kwenye bahasha, akasimama akalikomboa faili kutoka kwenye rundo kwa mkono wake mwenyewe, akamshika kijana bega akampeleka ndani. Muuguzi hakubisha. Nadhani alitambua.

Ukienda kupimwa, nenda na mtu. Ninajua Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inakupa haki ya kutumia Lugha ya Ishara na Breli na njia nyingine zinazokufaa, na ninajua Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Nenda na mtu hata hivyo.

Kadi mkononi, unatafuta kazi. Hapa ndipo sheria ya 2003 ilipotuangusha kwa upole. Ilisema Baraza litajitahidi kuhakikisha asilimia 5 ya nafasi za vibarua, za dharura na za mkataba zinatengewa watu wenye ulemavu, katika sekta ya umma na ya kibinafsi. Litajitahidi. Hakuna mwajiri aliyewahi kutoka jasho kwa sababu ya kitenzi hicho. Katiba nayo ikaja na asilimia 5 yake, lakini ukiisoma vizuri inahusu nyadhifa za kuchaguliwa na kuteuliwa, tena "hatua kwa hatua". Hata serikalini kwenyewe, ripoti za Tume ya Utumishi wa Umma za mwaka baada ya mwaka zimetuonyesha tuko mbali chini ya kiwango hicho.

Mei 2025 Rais Ruto alitia sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyopitia Seneti mikononi mwa maseneta wawili, akiwemo Crystal Asige, ambaye mwenyewe haoni vizuri na ambaye wengi wetu tulimjua kwanza kwa kuimba. Sheria hiyo imeachana na kujitahidi. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anapaswa kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi za ajira kwa watu wenye ulemavu. Kwa watu 20, hiyo ni nafasi moja. Sikiliza jinsi waajiri walivyolia kwa ajili ya nafasi moja.

Na kilio chao kikuu ni gharama. Niliwahi kuitwa kwenye usaili katika jengo moja la hapa mjini, ofisi ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Nilipofika juu nilikuwa nimelowa shati lote na jopo likanitazama likaona mtu mgonjwa. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya huruma kwamba jengo "halimfai mtu kama wewe". Hakuna aliyefikiria kushuka na kalamu na karatasi tukaongelea pale chini, kwa mlinzi, kulikokuwa na meza na viti viwili. Marekebisho ya kumwezesha mtu afanye kazi mengi yana sura hiyo: kuhamisha meza, kubadili zamu, kumruhusu mtu aingie saa mbili na nusu badala ya saa mbili. Rafiki yangu asiyeona anafanya kazi ya kupokea simu na kujibu barua pepe kwa kutumia NVDA, programu ya kusoma skrini ambayo haiuzwi, unaipakua bure. Mwajiri aliyemwendea awali alimnyima kazi akidai programu ya kompyuta ya wasioona ni ghali mno. Kweli zipo za ghali. Ila hakuuliza.

Pale ambapo jengo lenyewe linahitaji kurekebishwa, sheria ya 2003 ilikuwa na kivutio ambacho wahasibu wengi hawakuwahi hata kukisikia: mwajiri wa kibinafsi aliyerekebisha majengo au vifaa kwa ajili ya wafanyakazi wenye ulemavu aliweza kuomba nusu ya gharama hiyo iondolewe, kama makato ya ziada, kwenye kipato chake kinachotozwa kodi. Mimi ni mtu wa hesabu na nilikuwa kazini miaka kadhaa kabla sijaisoma. Kabla ya kwenda kuomba kazi, muulize mhasibu akuangalizie sheria mpya inampa mwajiri nini, uende na karatasi hiyo mfukoni. Mwajiri asiyesikia neno la haki husikia neno la kodi.

Ukishaajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 iko upande wako zaidi kuliko unavyodhani. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, katika kuajiri, katika mafunzo, katika kupandishwa cheo na katika kuachishwa. Kifungu cha 46 kinasema ulemavu si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Mahakama ya Masuala ya Ajira na Leba husikiliza kesi hizi. Weka barua zako zote. Ukielezwa jambo kwa mdomo, rudi kwenye meza yako umwandikie aliyekueleza barua pepe: "Kama tulivyozungumza leo asubuhi..." Utakuja kunishukuru.

Kuna kundi ambalo husahaulika kabisa tukizungumzia ulemavu na kazi, nalo ni wale waliopata ulemavu wao kazini. Hapa kwetu Mombasa, na bandari na magodauni na viwanda vya Changamwe na barabara iliyojaa malori, si wachache.

Jirani yangu, nimwite Mzee wa Chumba cha Pili maana ndivyo watoto wa ploti wanavyomwita, alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia kwenye mashine. Alikuwa kibarua, analipwa kwa wiki, hana mkataba wa maandishi. Meneja alimpeleka hospitali, akalipa bili ya siku ile, akamletea nyumbani bahasha na karatasi ya kutia sahihi. Mzee alisaini kwa mkono wa kushoto? Hapana, mkewe alikataa. "Mume wangu hajui kuandika kwa mkono huo," alimwambia meneja, "ngoja upone ule mwingine." Mwanamke mwenye akili kama hizo ndiye angepaswa kuwa na blogu hii.

Wakaja kwangu na ile karatasi. Ilisema ameridhika na hatadai tena chochote.

Sheria inayohusika ni ile ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, watu huiita WIBA. Kibarua anahusika, mkataba wa mdomo ni mkataba. Mfanyakazi anatakiwa amjulishe mwajiri, na mwajiri ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Akikaa kimya, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya idara hiyo katika kaunti. Usingoje, kwani ajali isiyoripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12 hupoteza haki ya fidia. Daktari ndiye anayejaza asilimia ya ulemavu wa kudumu, kufuata jedwali lililo ndani ya sheria. Kisha hesabu ni hii: mapato ya mwezi, mara 96, mara asilimia hiyo. Mtu wa Sh20,000 kwa mwezi aliyepewa asilimia 20 anastahili Sh384,000. Bahasha ya Mzee ilikuwa na Sh15,000.

Dai likishawasilishwa, mwajiri ana siku 90 za kulipa. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga kwake, kisha unaweza kukata rufaa mahakamani. Zamani watu walikimbilia kortini moja kwa moja na mawakili wakawala nusu. Mahakama ya Juu ilimaliza ubishi huo Desemba 2019, njia ni kwa Mkurugenzi kwanza. Mawakala wa pembeni ya hospitali bado watakwambia vinginevyo, maana wanalipwa kwa kichwa.

Mzee alilipwa. Ilichukua muda mrefu kuliko siku 90, na ilibidi mkewe awe akienda ile ofisi mpaka askari wa getini akamzoea na kumwita mama mkwe. Pesa zilinunua friji na kibanda cha maji baridi na juisi ya ukwaju. Tulipomwambia sasa aende akasajiliwe kwenye Baraza, alikataa katakata. "Mimi si mlemavu," alisema, "mimi nilikatwa tu." Nimejaribu kumshawishi kwa sababu akiwa na kadi angeweza kuomba vifaa au mtaji kwenye Hazina ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, au kujiunga na kikundi kinachokopa kwenye Hazina ya Uwezo ya serikali. Hataki kusikia. Mimi niliyezoea tangu utotoni husahau kwamba kuna watu wanaohamia huku wakiwa na miaka 50 na ambao hawakupanga kuhama.

Yapo mengine ninayaruka kwa haraka. Zabuni za serikali za AGPO, zile asilimia 30 zinazotengwa tugawane na vijana na wanawake, ni nzuri kwa mwenye mtaji wa kuvumilia kuchelewa kulipwa. Asiye nao atazama. Watumishi wa umma wenye ulemavu hustaafu wakiwa na miaka 65 badala ya 60, na ndiyo maana kadi inayoombwa na mtu wa miaka 59 hutazamwa kwa jicho la pembeni. Na Bombolulu bado ipo. Karakana zile za watu wenye ulemavu zilizoanza mwaka 1969 zimewafunza wengi wa kizazi cha wazazi wetu kushona, kuchonga na kutengeneza vito, wakati ambapo hapakuwa na sheria yoyote ya kumlazimisha mtu kuwaajiri.

Sheria mpya ilipotoka, nilimpelekea bosi wangu nakala. Tuko watu 23 ofisini. Akaisoma kifungu cha asilimia 5, akaniangalia, akatabasamu: "Basi sisi tumeshatimiza. Tuna wewe."

Nikachukua kikokotoo. Mmoja kati ya 23 ni asilimia 4.3. Sheria inasema angalau 5.

Alikaa kimya kidogo, akaniambia nimletee CV za watu wanaojua mfumo wa forodha. CV ya yule rafiki yangu wa NVDA imo juu kabisa.